Vijiko Vitatu vya Uji

Siku tatu Speciosa hakuomba kitu. Mtoto wa miaka saba, aliyezoea kumaliza uji wake na kumnyang'anya kaka yake, alilala wodini kimya. Mguu wake wa kulia ulikuwa umesagwa na lori lililokuwa likipeleka chakula kwa wakimbizi. Lori lenyewe halikusimama. Lingesimama vipi, na kambini watu wamejaa kuliko wilaya nzima, wote wanataka kula leo?

Muuguzi Domisiana hakuzungusha maneno. Sumu ya kidonda ilikuwa inapanda mwilini; mguu usipokatwa Jumatano, mtoto asingefika Alhamisi. Daktari wa kupasua alikuwa mmoja tu, naye alikuja hospitalini hapo kutoka kambini Jumatano kwa Jumatano.

"Siku hiyo asipewe chochote mdomoni, hata maji," alisema. "Mmenielewa?"

"Tumeelewa, sista," akajibu Jovitus, baba wa mtoto. Marsiana, mkewe, akaitikia kwa kichwa. Sababu hawakuambiwa, wala hawakuuliza. Nani anamhoji muuguzi?

Jumatano asubuhi Jovitus alikwenda bombani kufua shuka lenye usaha. Speciosa akafumbua macho.

"Mama, nina njaa."

Marsiana alifurahi mno. Kwao Kirushya, mgonjwa akiomba chakula amesharudi. Majirani hupelekewa habari, na asiyempa huonekana mchawi. Akamwomba uji Nimpaye, mkimbizi aliyekuwa akimuuguza mumewe kitanda cha pili. Akamnywesha mwanawe vijiko vitatu. Mtoto akataka cha nne.

"Kingine ukitoka huko kwa daktari," Marsiana akamwambia, akamfuta midomo kwa kitenge.

Saa nne daktari akaingia mbiombio, gari lake likiunguruma nje.

"Amekula?" Domisiana akauliza.

"Tangu Jumapili hajaonja kitu," akasema Jovitus, shuka likimchuruzika maji mkononi.

Marsiana akafungua mdomo. Daktari akaitazama saa yake, akasema kambini kuna wengine wanamngoja, kama mtoto hayuko tayari, yeye aambiwe aende zake. Marsiana akaufunga mdomo. Vijiko vitatu vya uji mwepesi vimdhuru nani, alijiambia.

Mtoto akaingizwa chumba cha upasuaji, nao wakakaa kwenye benchi nje. Jovitus akasali rozari, akawa anapotea katikati na kuanza upya. Marsiana hakuweza kumwitikia hata Salamu Maria moja. Aliogopa, na hakujua hasa anaogopa nini.

Domisiana akatoka, macho chini. Mtoto alitapika alipopewa dawa ya usingizi, akasema, na uji ukamwingia mapafuni. Wamejaribu kila njia. Mguu hawakuwahi hata kuugusa.

"Uji gani?" Jovitus akaruka juu. "Mmemuua mwanangu, sasa mnatusingizia! Mwulizeni mama yake, hajabanduka pale kitandani. Mwanamke huyu hajanidanganya tangu nimuoe. Mama Speciosa, hebu waambie!"

Akamshika mkono mkewe, akangoja amtetee.

"Aliomba, baba Speciosa," Marsiana akasema. "Aliomba mwenyewe."