Tambi za Kim Swee

Teoh Kim Swee aliuza tambi za supu ya kamba katika mgahawa mmoja wa Jelutong, kisiwani Penang, kwa miaka thelathini na mmoja. Wateja wake hawakuulizwa wanataka nini. Waliketi, wakainua kidole kimoja au viwili, bakuli zikaja: tambi za manjano, chipukizi za choroko, nusu yai, kamba watatu, na ile supu nyekundu aliyoichemsha tangu alfajiri kwa vichwa vya kamba vilivyokaangwa mpaka vikavunjika vyenyewe. Chakula cha makuli na madereva, bei ya makuli na madereva, lakini hata wenye magari ya fahari walikuja wakakunja mikono ya mashati.

Mwaka ule mvua zilipoanza alishikwa na homa, akalala siku kumi na mbili. Aliponyanyuka, pua yake ilikuwa imekufa. Vitunguu viliungua mbele yake asijue mpaka aone moshi. Kahawa ikawa maji ya moto tu. Alijiambia hali itarudi. Mwezi ukapita, na wa pili, haikurudi. Hakumwambia mtu. Mpishi asiyesikia harufu wala ladha, nani ataketi kwake? Mkono wangu unakumbuka, alijisemea, akaendelea kupika kwa kuhesabu vijiko.

Wateja wakaanza kupungua. Hakuna aliyelalamika, watu wa pale hawana tabia hiyo. Walisalimia kwa adabu, wakapita, wakaenda kuketi upande wa muuza wali, aliyepanga jiko jingine mgahawani humo. Boon Hock, mwenye mgahawa, ambaye ndiye aliyeuza vinywaji, alisema labda ni hali ya maisha.

"Hali ya maisha gani, na wali wanakula?" Kim Swee aliuliza.

Boon Hock akageuka kuosha glasi ambayo ilikuwa safi.

Aliyebaki ni Arumugam, karani mstaafu wa reli, mgane, mtu mwembamba wa miaka sabini na mitatu. Alifika kila siku kabla ya saa sita, gazeti kwapani, akaketi meza iliyo karibu na jiko.

"Umechelewa, Karani."

"Sijachelewa, mama. Saa yako ndiyo ina haraka ya kuzeeka, imemfuata mwenyewe."

"Nani mzee? Wewe mwenye meno manne?"

"Manne yanatosha. Tambi hazina mifupa."

Alikula polepole hadi mwisho, akanywa supu yote, kisha akainamisha bakuli kumwonyesha kwamba ni tupu. Kila siku Kim Swee alimuuliza supu imekuwaje, na kila siku Arumugam alimjibu ni ile ile. Kwa maneno hayo mawili mwanamke yule alilala usingizi. Kama Karani anaimaliza, basi mkono kweli unakumbuka.

Jumatatu moja Arumugam hakuja. Jumanne pia. Jumatano Boon Hock alileta habari: yuko hospitali, tumbo limemwendesha mpaka akaanguka bafuni, akakutwa na jirani.

Kim Swee hakufikiri mara mbili. Alifunga jiko mapema, akajaza supu katika chombo cha bati chenye kifuniko, tambi akazifunga pembeni zisilowe, akapanda basi. Alimkuta Arumugam amelala ubavu, sindano ya maji mkononi, mashavu yameingia ndani. Binti yake, Vasantha, mwalimu aliyetoka Kulim, alikuwa ameketi kitandani miguuni pa baba yake.

"Wewe ndiye mama wa tambi," Vasantha alisema, akasimama kumpisha. "Baba hana hadithi nyingine."

"Nimemletea kidogo. Anywe supu tu, tambi aache."

Arumugam alifumbua macho. "Iweke hapo, mama. Nitakunywa baadaye."

"Baadaye itapoa, baba," alisema Vasantha, akafungua kifuniko. Alirudisha uso nyuma kama aliyepigwa kofi. Akakifunga, akakifungua tena taratibu, akanusa kwa uangalifu, kisha akamtazama mgeni. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtia Kim Swee hofu.

"Mama, hii imeoza."

"Nimeipika leo asubuhi."

"Kamba wameoza. Hebu nusa mwenyewe."

Kim Swee alipokea chombo, akainamisha uso juu ya mvuke. Alisikia joto kwenye kope zake. Basi. Alibaki ameinama hivyo muda mrefu, na yule binti, akimwangalia, akaelewa pasipo kuambiwa.

"Jokofu," Kim Swee alisema mwishowe. "Ijumaa umeme ulikatika. Nilidhani barafu ilitosha."

"Daktari alimuuliza alikula nini," Vasantha alisema kwa sauti ya chini. "Akasema kaa aliyemnunua barabarani, ng'ambo ya bahari, Butterworth. Mimi nikashangaa, baba hajavuka tangu mwaka jana."

Arumugam alikuwa amefumba macho tena, lakini hakuwa amelala.

"Tangu lini, Karani?" Kim Swee aliuliza.

"Tangu lini nini?"

"Usinichezee. Supu mbaya umeila tangu lini?"

Mzee alifumbua macho. "Tangu ulipotoka kwenye homa. Siku nyingine chumvi tupu. Siku nyingine chungu, imeungua. Siku moja moja ilikuwa sawa."

"Na ukamaliza."

"Ningebakisha ungejua."

"Ningejua, ningeacha! Usingelala hapa."

"Ungeacha," alisema Arumugam, "halafu mimi saa sita niende wapi?"

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Hapa walificha wawili, na kilio nusura kipate maiti. Kim Swee alitoka nje ya wodi, akamwaga supu katika shimo la maji machafu, akaketi kituoni na kile chombo mapajani. Mabasi mawili yalipita hajapanda.

Hakupika tena. Alimwambia Boon Hock magoti yamechoka, na Boon Hock, mtu mwema, aliyakubali magoti. Nafasi yake walipewa vijana wawili, mume na mke kutoka Ipoh, wakaangaji wa tambi pana za mchele.

Baada ya wiki tano Arumugam alikuja na mkongojo. Walikaa meza moja kwa mara ya kwanza, kwani zamani mmoja alikuwa daima amesimama. Waliagiza tambi za wale vijana, Kim Swee akatafuna. Aliona ulaini, mafuta, joto, chembe za yai. Mengine yote yalikuwa ukuta.

"Niambie," alisema. "Usinidanganye."

Arumugam alitafuna kwa meno yake manne, akafikiri. "Moto mkali, moshi umeingia vizuri. Pilipili haijaiva sawasawa. Chumvi imezidi kidogo, lakini kijana atajifunza."

"Na kamba?"

"Wabichi, wa leo."

Kim Swee aliinamia sahani. Alisikia wivu, kisha aibu ya ule wivu.

Walikula hivyo siku kumi na moja. Kisha Vasantha akaja na gari, akamchukua baba yake kwenda kuishi naye Kulim, maana hakuweza tena kupanda ngazi za kwake peke yake. Kim Swee alisaidia kubeba mabegi. Walipoagana Arumugam alisema atapiga simu, na kweli alipiga, mara mbili.

Kim Swee bado huenda mgahawani. Huagiza sahani ndogo, hula nusu, huwashukuru wale vijana wawili, na huondoka kabla watu wa saa sita hawajajaa.