Mfuko wa Okeny

Dakta Abdulghani alikuwa na ugonjwa mmoja ambao yeye mwenyewe hakuujulia dawa: akiona kitu kinafanya kazi vibaya, hali wala halali mpaka akitengeneze. Ulimwanza utotoni, siku alipoifungua saa ya ukutani ya baba yake na kuirudisha huku vyuma viwili vimebaki mezani, na saa ikatembea vizuri kuliko mwanzo. Alipigwa hata hivyo. Akakua, akasoma, akawa daktari wa magonjwa ya ndani katika hospitali moja kubwa ya Kampala, na ugonjwa wake haukupona.

Kilichomkera wadini kilikuwa chupa. Mtu akijaa usaha kifuani anatobolewa tundu ubavuni, anapitishwa mpira, na mpira unaishia kwenye chupa ya maji iliyowekwa sakafuni. Usaha unatoka, hewa hairudi ndani. Sawa. Lakini mgonjwa naye anabaki amefungwa kwenye chupa yake kama mbuzi, wiki tatu, mwezi mzima. Akitaka kwenda haja, chupa. Akitaka kugeuka, chupa. Na ole wake siku mfagiaji atakapoipiga teke!

Aliyemsaidia alikuwa Okeny, fundi wa karakana ya hospitali, mtoto wa polisi kutoka kaskazini, mrefu, mwenye mdomo usiojua kupumzika. "Dakta, wewe fikiri, mimi nitengeneze," alikuwa akisema. "Tukibadilishana kazi tu, wagonjwa wamekwisha." Walihangaika mwaka na nusu. Waliharibu vifaa kumi na tano. Cha kumi na sita kikakubali: kilango kidogo cha shaba na ngozi ya pampu ya baiskeli, kinachofungukia nje tu, na chini yake mfuko wa mpira wa ndani wa tairi, unaofungwa kiunoni kwa mkanda. Mgonjwa wa kwanza kuuvaa alikuwa muuza nyama wa Kansanga. Siku ya tano alikuwa buchani kwake anakata mbavu, mfuko uko ndani ya koti, wateja hawana habari. Okeny alikwenda kununua nusu kilo ya nyama asiyoihitaji, ili amtazame tu.

Madaktari wenzake walikuwa wakitoweka mmoja mmoja kwenda Nairobi, na kila aliyeondoka alimwuliza, "Wewe unangoja nini?" Angewajibu nini? Alikuwa anangoja mfuko wa ishirini.

Kisha watu wa usalama wakaja na gari, wakamchukua Okeny. Saa tatu asubuhi, mbele ya watu, bisibisi ikiwa bado mkononi. Kosa lake? Mwaka ule wa sabini na tatu jina la kaskazini lilikuwa kosa la kutosha, na aliyeuliza zaidi ya hapo alikuwa anajitafutia gari la kwake.

Mkewe Okeny, Adyero, alikuja wadini siku ya tatu akiwa na binti yao Akwero mgongoni. Hakulia. Alisema binamu yake Olanya, askari jela wa Luzira, amemwona Okeny kwa macho yake. Yuko hai. Ila wamemweka kwenye banda la wanaosubiri kuhamishwa.

Dakta alifumba macho. Kampala nzima ilijua kuhamishwa ni nini. Hapakuwa na mtu aliyewahi kupata barua kutoka huko walikohamishiwa.

"Dakta, wewe unajulikana," Adyero alisema. "Unatibu watu wakubwa. Nitafutie hata mmoja."

"Nitatafuta, mama Akwero."

Alitafuta. Alibisha milango ya watu aliowaponyesha wake zao na wazazi wao, na wote walimkaribisha chai, wakasikia jina Luzira, wakakumbuka kwamba wana safari. Wiki tatu zikapita hivyo.

Mkubwa akamtafuta yeye. Sajenti mmoja aliingia wadini na miwani myeusi, akasema, "Dakitari, twende," na Dakta akavua koti lake jeupe akalikunja vizuri, maana alijua haliwezi kumsaidia tena. Walipanda mpaka Mbuya, kilima chenye kambi ya jeshi. Badala ya kushushwa mahali alipopaogopa, akaingizwa kwenye nyumba nzuri yenye maua, na chumbani akamkuta kapteni amelala kwa ubavu, anapumua kwa vipande. Jina la kapteni huyu tuliache. Limeshatajwa vya kutosha na waliokuwa wakimlilia.

Dakta alimgonga mgongo kwa vidole. Upande wa kushoto uliitika vizuri, wa kulia ukawa mzito kama gunia lililolowa. Alichoma sindano, ikatoka usaha mtupu.

"Hospitali mimi siendi," kapteni alisema. "Watu wataniona. Siku ngapi?"

"Kwa chupa, afande, wiki nne. Labda tano."

"Nilale mwezi tena?" Alitaka kucheka, kikohozi kikamkata. "Mwezi moja watu watagawana kiti yangu! Tafuta njia ingine."

Njia nyingine ilikuwepo. Dakta akamweleza juu ya mfuko. Siku nne, atasimama. Ataketi, atatembea, atavaa sare yake na hakuna atakayejua.

"Nani alitengeneza hii?"

"Mimi na fundi wangu." Dakta alisogea karibu na kitanda. "Na huyo fundi, afande, yuko Luzira. Hana kosa. Anaitwa..."

Kapteni aliinua kidole. Alikuwa anaungua kwa homa, lakini kidole hakikutetemeka. "Mimi kitandani sifanyi kazi. Sikia vizuri. Ukinisimamisha, nikikaa kwa meza yangu, wewe utakuja, utasema jina. Nitafungua huo mlango na wewe unaona. Sawa?"

"Sawa, afande."

"Basi fanya haraka."

Na Dakta alifanya haraka. Jamani, alivyofanya haraka! Alimtoboa mchana ule ule, akamfunga mfuko, akamrundikia dawa alizoziombaomba wadi kwa wadi. Kila asubuhi sajenti alimchukua kwa Landrova na kumpandisha Mbuya, na njia nzima sajenti alinung'unika kuhusu ofisi. Mafaili yamejaa mezani, yamejaa kwenye kiti, mengine yako chini. Bila mkono wa kapteni karatasi haitoki. Dakta alimsikiliza na kuzidi kujihimiza: mtu huyu anahitajika mezani, na mimi namhitaji mezani.

Jioni Adyero alimngoja barazani kwake, Kansanga. Naila, mke wa Dakta, alimpa kiti na chai, na chai ilipoa bila kuguswa.

"Homa imeshuka?"

"Imeshuka kidogo."

"Anakula?"

"Leo amekunywa uji."

Adyero akashusha pumzi. Mwanamke huyu alikuwa akitema mate chini kila lilipopita lori la jeshi, lakini siku mbili hizo alikwenda kanisani alfajiri kumwombea askari. "Namwombea kifua chake," alisema. "Mungu anisamehe, namtajia Mungu mpaka ubavu wenyewe, wa kulia, asije akakosea." Akacheka, na ndiyo mara ya kwanza Dakta kumwona akicheka tangu siku ile ya bisibisi. "Na Mungu anasikia, Dakta. Olanya anasema tangu mwezi huu uanze lori halijaja bandani hata mara moja. Hakuna aliyehamishwa. Wenyewe hawajui kwa nini."

"Alhamdulillahi," Dakta akasema, na alimaanisha.

Siku ya tatu kilango kiliziba. Dakta alipiga magoti kando ya kitanda, akakizibua kwa sindano, na usaha ukashuka mfukoni polepole, mzito, wa njano. Tuseme ukweli, maana hapa hakuna wa kumficha: alifurahi. Hakufurahi kwa ajili ya Okeny peke yake. Alifurahi kwa sababu kitu chake kilikuwa kinafanya kazi, ndani ya kifua kibaya kabisa, na hakikuwa kimemwangusha. Alitamani Okeny angekuwapo aone.

Siku ya nne, saa kumi na mbili asubuhi, kapteni alisimama. Alivaa suruali, akavaa shati, akafunga vifungo juu ya mfuko, akajitazama kwenye kioo upande huu na upande ule. Hakuna kilichoonekana. Alipumua mpaka chini, akatoa macho kwa mshangao, akamkumbatia Dakta.

"Mchana kuja ofisi," alisema. "Kuja na jina."

Dakta alifika saa nane. Alikuwa amevaa tai. Ofisi ilikuwa chumba cha kawaida chenye picha ukutani, simu nyeusi na meza pana, na nyuma ya meza kapteni ameketi, uso umerudi rangi. Mezani hapakuwa na kitu isipokuwa kalamu.

"Kupumua vipi, afande?" Dakta aliuliza. Mazoea.

"Mimi ni mutu mupya!" Kapteni alipiga kifua upande mzima. "Tangu saa moja sijainuka. Mafaili ya wiki nne, dakitari! Sajenti alikuwa analeta, mimi napiga sahihi, analeta, napiga, mpaka kidole kimevimba. Sikusoma hata moja. Nilisema leo meza iwe safi, dakitari wangu akikuja tuongee vizuri." Akamwonyesha kiti, akachukua kalamu, akatoa karatasi nyeupe kwenye droo. "Haya. Mimi nikisema kitu nafanya. Jina."

"Okeny, afande. Okeny Erinayo. Fundi wa karakana ya hospitali."

Kapteni aliandika polepole, kwa herufi kubwa. "Huko Luzira iko sehemu gani? Banda gani?"

"La wanaosubiri kuhamishwa."

Kalamu ilisimama. Kapteni hakuinua macho. Aliita, na sajenti akaja, na waliyoyasema kwa sauti ya chini Dakta hakuyasikia, ila alimwona sajenti akitoka na kurudi na nakala ya orodha iliyopigwa sahihi asubuhi, akipitisha kidole juu yake toka juu kwenda chini. Kidole kikafika mahali kikatulia.

"Namba kumi na saba, afande."

"Lori?"

"Limetoka saa nne."

Kapteni alivuta simu, akaizungusha, akangoja, akaizungusha tena. Alizungumza maneno machache kwa lugha ambayo Dakta hakuijua. Akasikiliza. Akaiweka chini taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Wamekwisha fika," alisema.

"Wamefika wapi?"

Kapteni aliitazama ile karatasi yenye jina, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. "Dakitari, pole," alisema, na kwa kweli sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoa pole. "Wewe ungeniambia juzi."

Wallahi alisema hivyo! Na Dakta hakumkumbusha kidole kilichoinuliwa. Hakuweza. Kichwani mwake mambo mawili aliyokuwa akiyasikia siku zote hizi, kila moja kwa mlango wake, mafaili ya sajenti na lori la Olanya, yalikuwa yamekutana na kutazamana. Lori halikuja kwa sababu kapteni alikuwa kitandani. Hapakuwa na sababu nyingine. Okeny alikuwa akiishi kwa usaha wa kapteni, siku kwa siku, na kama Dakta angetumia chupa ile ile ya zamani, chupa aliyoichukia, Okeny angekuwa na mwezi mwingine. Katika mwezi lolote lingeweza kutokea. Sasa hapakuwa na mwezi.

Kapteni alikuwa anafungua vifungo. "Hii imejaa, naona. Inavuta."

Dakta alisimama. Alipiga magoti kando ya kile kiti. Mfuko ulikuwa umejaa kweli. Alitaka kuuacha. Alitaka kukigeuza kile kilango, jambo la sekunde mbili, hewa iingie na pafu lijikunje. Hakukigeuza. Aliukamua mfuko kwenye beseni alilolileta sajenti, akakiosha kilango, akakirudisha, akajaribu kwa kidole kama kinafunga, kikafunga, akakaza mkanda. Daktari ni daktari na woga ni woga, na mpaka leo hajui ni kipi kati ya hivyo viwili kilichoiendesha mikono yake.

"Asante," kapteni alisema. "Kesho asubuhi?"

"Kesho asubuhi, afande."

Sajenti alimrudisha Kansanga, akamshusha mbele ya duka, na njia nzima hakunung'unika hata neno moja. Adyero alikuwa barazani tangu saa sita. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, na Akwero amesukwa nywele. Alipomwona Dakta akiingia kwa miguu, peke yake, na tai yake, alisimama upesi, mkono kifuani.

"Amesimama?"

"Amesimama," Dakta akasema.

"Amekaa mezani kwake?"

"Amekaa."

"Na jina? Jina umempa?"

"Nimempa, mama Akwero, lakini..."

Hakuisikia ile "lakini". Alikuwa ameshatupa kichwa nyuma na kupiga kigelegele, kile kirefu cha kwao ambacho huwaita hata walio mashambani, na Naila akatoka jikoni mbio akiwa na unga mikononi, na majirani wakachungulia ukutani kuuliza kuna heri gani. Adyero aliikamata mikono ya Dakta yote miwili, akaibusu, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto.

"Mama Akwero," Dakta alisema. "Mama Akwero, nisikilize."

Lakini majirani nao walikuwa wamekwisha pokea, na Adyero akavuta pumzi aanze kigelegele cha pili.