Kumi na Mmoja Walioruhusiwa

Saa tisa alasiri Donatille alikuwa akichambua maharage katika nyumba yake ya mbao kule Mugunga, na wageni waliotoka kwenye simu yake walikuwa wamejaa mabenchini. Wa tovuti ya hali ya hewa alishika mwavuli. Wa nyimbo za kanisa alivaa miwani. Kila mmoja alikuwa na daftari, na kila Donatille aliposogea, waliandika mahali aliposogea.

Kosa lilikuwa lake, na la mama yake aliyemlea kule Masisi. Kila tovuti aliyoifungua kwenye kivinjari ilimwuliza kama inaruhusiwa kujua alipo, na moja hata kusikiliza kwa maikrofoni, naye akabonyeza "Ruhusu", kwa sababu kwao anayepiga hodi hajibiwi hapana. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, ambao simu hawakuwahi kuishika.

Miezi miwili hakujali. Alifagia tu kuzunguka miguu yao. Lakini tangu Jumapili mdogo wake Laurent alikuwa amejificha juu ya dari. Laurent ni mwalimu, na alikuwa amekataa kuwapa watu wenye bunduki orodha ya wavulana wa darasa lake. Sasa alikohoa. Mgeni aliyeruhusiwa maikrofoni akainua kichwa, akalowesha ncha ya kalamu kwa ulimi.

Donatille aliacha kuchambua. Akaweka ungo chini, akafungua mipangilio kama Vanessa, muuza unite, yaani salio la simu, alivyomwonyesha: faragha na usalama, kisha ruhusa za tovuti. Majina kumi na moja. Akaanza na yule wa maikrofoni, akabonyeza "Ondoa", na yule bwana akatoka kabla hajaandika neno.

"Hatukuingia kwa nguvu, mama," alisema wa mwavuli, akiinuka. "Ni weye ulitufungulia."

"Najua, papa. Sasa muende."

Wakatoka mmoja mmoja, wakiinama mlangoni, wakashika barabara ya Sake. Kwa haraka yake akakosea mara mbili. Jina la kumi na moja lilipofutika, orodha ikawa tupu.

Benchi la nyuma lilikuwa bado na mtu. Papa Buhendwa, mkubwa wa avenue, yaani wa mtaa wao, ambaye kila Ijumaa huwapelekea wenye bunduki habari za kila nyumba, alikuwa amekaa, kofia magotini. Huyu hakutoka kwenye simu. Alikuwa amepiga hodi mlangoni, na Donatille, macho kwenye kioo cha simu, alikuwa ameitikia karibu.

Akaitazama orodha tena. Haikuwa na jina la Buhendwa, wala pa kubonyeza.

"Nilikuwa nangojea tu bale batoke, mama," alisema kwa upole. "Bale ba bunduki bako inje. Kikohozi yake tuliisikia toka barabarani. Ambia Laurent ashuke mupole, basikuvunjie nyumba."

Donatille akasogeza meza chini ya tundu la dari, ili mdogo wake apate pa kukanyaga.