Firenze Siku ya Jumatatu

Wanawake wa mji wetu siku hizi hawapandi treni kabla ya kupita kwangu. Wanakuja jikoni, wanakunywa kahawa yangu, kisha wananiuliza: Iolanda, tunakwenda Roma, tunakwenda Firenze, tufanye nini? Nami huwaambia. Vaeni viatu mlivyokwisha kuvizoea, msije mkavaa vipya vya kujionyesha, maana mawe ya Roma hayana huruma. Mtandio uwe mkobani, kwa sababu mabega wazi hayaingii kanisani. Mkahawa wenye picha za chakula mlangoni na mtu wa kuwaita ndani, upiteni kama hamkuuona. Na mume wako akiwa kinyozi, usimpe kazi ya kupanga siku. Hapo wote hucheka, kwa sababu wanamjua kinyozi ninayemsema.

Rocco mume wangu amewanyoa wanaume wote wa mji huu, wazima na marehemu. Ni mtu mwema, mkono wake mwepesi, lakini kichwa chake, Mungu anisamehe, ni jiwe. Tangu tuoane hatukuwa tumekwenda likizo hata mara moja. Mwaka huu paa linavuja, mwaka ule mama yake anaumwa, mwaka mwingine hakuna sababu yoyote ila hataki. Na mimi tangu usichana nilikuwa naitaka Venezia. Si Paris, si Amerika. Venezia. Nikiitaja, Rocco hujibu, "Maji? Maji si yapo bombani?"

Binti yetu Mirella alipoolewa, nyumba ikawa kimya mno, nikamwambia Rocco waziwazi: ama likizo, ama nahamia kwa Mirella. Alinuna siku kadhaa. Kisha akaja na masharti yake, mkasi mkononi.

"Tutakwenda Roma, halafu Firenze. Firenze ndiyo itaamua. Ikinipendeza, tunaendelea mpaka huko kwenye maji yako. Isiponipendeza, tunageuza, na habari ya Venezia tusiisikie tena ndani ya nyumba hii. Sawa?"

"Sawa," nikasema, nami roho iko juu. Mtu akikufungulia mlango nusu, huanzi kugombana naye kuhusu nusu ya pili.

Niliamini Firenze itanisaidia kwa sababu ya Daudi, ile sanamu kubwa ya marumaru. Dukani kwa Rocco, juu ya kioo, kuna picha ya kichwa chake tangu enzi za fundi aliyemfundisha kazi. Fundi huyo alikuwa akisema kwamba zile nywele ndizo nywele zilizokatwa vizuri kuliko zote duniani, na aliyezikata alitumia nyundo. Rocco alitaka kuziona kwa macho yake. Siku nyingine yoyote asingeniambia anataka kitu, lakini hilo alilisema, tena kwa sauti ya chini, kama mtoto anayeomba pipi.

Siku alipanga yeye. "Roma Jumapili, Firenze Jumatatu," akasema. "Jumatatu ndiyo siku ya mapumziko. Tangu niko mwanagenzi napumzika Jumatatu. Watu wengine wote wanakuwa kazini, sisi tutaingia kwa Daudi peke yetu, tutamzunguka tunavyotaka."

Mke wa kinyozi naye huzoea. Jumatatu nyumbani kwetu ndiyo siku ya kulala mpaka jua liingie dirishani. Sikuona kosa lolote.

Wateja nao walimjaza maneno. Kila aliyekaa kitini na povu shavuni alikuwa na wosia wake kuhusu wezi wa Roma, ingawa nusu yao hawajavuka Potenza, mji mkuu wa mkoa wetu. Matokeo yake Rocco aliingia mji mkuu pesa zote zikiwa ndani ya soksi, akawa anachechemea toka stesheni mpaka mtoni. Mimi sikujali. Nilikuwa natazama juu tu, midomo wazi. Kila kona kanisa, kila kanisa na malaika wake, na chemchemi zikimwaga maji usiku na mchana bure kabisa. Nilikuwa na furaha mpaka miguu haikuniuma.

Kwenye uwanja mmoja niliketi mezani nje, nikaagiza maji ya limau. Rocco akabaki wima nyuma ya kiti changu.

"Kaa basi, Rocco."

"Nikae? Wanalipisha kukaa. Kahawa ni ya kusimama, kaunta, meza kwa wageni."

"Sisi ni wageni leo. Ni likizo."

"Likizo ya miguu yako, si ya mfuko wangu."

Basi akasimama hivyo hivyo, shati jeupe, mikono nyuma. Bwana mmoja Mjerumani wa meza ya jirani alimwinulia kidole akamwagiza bia mbili. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Rocco alifura kwanza, halafu mdomo ukamcheza, halafu akamwita mhudumu wa kweli akampa ile oda neno kwa neno. Nikajisemea moyoni, Iolanda, huyu analegea. Venezia unaiona.

Kesho yake asubuhi tuliingia Firenze. Rocco alikuwa amejinyoa mara mbili. Nakuambieni alijinyoa kwa ajili ya sanamu. Alitembea mbele yangu bila kuchechemea, akiuliza njia kwa kila mtu, na mimi nyuma nikivuta sanduku, nikilipitia lile kuba kubwa jekundu la kanisa kuu bila kusimama, najiambia nitalitazama baadaye, kwanza Daudi.

Mtaa wa makumbusho ulikuwa mtupu. Rocco akanigeukia, uso unang'aa. "Nilikuambia nini? Hakuna mtu!"

Hakukuwa na mtu kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa. Kibao kilisema makumbusho hufunguliwa Jumanne hadi Jumapili. Rocco alikisoma. Akakisoma tena, akakigusa, kana kwamba herufi zingesogea.

"Jumatatu wamefunga," akasema.

"Naona."

"Lakini Jumatatu ndiyo siku ya watu kwenda."

"Siku ya vinyozi kwenda, Rocco."

Sikulisema kwa ubaya, lakini lilimchoma. Nikataka kulirudisha haraka, nikamwambia kuna nakala ya Daudi uwanjani, mbele ya jumba la manispaa, kubwa vilevile, twende tukaione.

"Nakala?" akasema. "Sikusafiri toka kwetu Basilicata kuja kutazama wigi."

Hapo hapo tukasikia mtu anacheka. Mwanamume mnene wa umri wetu alikuwa amesimama kando ya barabara na mkewe, wote wamevaa vizuri kama watu waliotoka kutembea tu.

"Msikasirike," akasema yule bwana. "Kila Jumatatu hapa hapakosi mtu wa kukifokea kibao. Lakini wigi! Hiyo sijawahi kuisikia. Wewe ni kinyozi?"

"Kinyozi," Rocco akasema kwa kiburi. "Na leo ndiyo siku yangu."

"Na yangu! Vasco. Duka langu lile pale, kona ile." Wakashikana mikono kama ndugu waliopotezana vitani. Vasco akamtazama Rocco kisogoni. "Nani anakukata nyuma?"

"Mimi mwenyewe, kwa vioo viwili."

"Inaonekana," Vasco akasema, na wote wawili wakacheka.

Rocco akaelekeza kidole mlangoni. "Wewe una bahati, ndugu yangu. Duka kona ile, na Daudi huyu hapa. Unamwona kila ukitaka."

Vasco akakohoa. Akatengeneza kola yake. Mkewe, mwanamke mwembamba aliyejitambulisha kwangu kwa jina la Ornella, ndiye aliyejibu.

"Huyu? Hajawahi kukanyaga ndani."

"Kazi, Ornella."

"Jumatatu wamefunga," akaniambia mimi, si mumewe. "Jumanne mpaka Jumamosi yuko dukani. Jumapili tunakula kwa mama yake, na mama yake anapika mpaka jua linazama. Nilimwambia tukiwa wachumba, nipeleke nikamwone Daudi. Akasema hakuna haraka, Daudi hatoki."

"Ni kweli hatoki," Vasco akasema.

"Yeye hatoki. Mimi ndiye ninayekwisha."

Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, hata tabasamu lilikuwepo, na Vasco akacheka kidogo kama mtu aliyelizoea neno hilo. Mimi sikucheka. Nikamuuliza, sijui kwa nini nilimuuliza:

"Na Venezia, dada, umefika?"

"Venezia?" Ornella akapunga mkono upande wa stesheni. "Si hapo tu, saa mbili kwa treni. Sijafika."

Saa mbili kwa treni. Nilimtazama mwanamke yule, nywele zake zimetengenezwa vizuri, mkoba wake wa Jumatatu mkononi, nikajiona. Wakati huohuo Rocco akashusha pumzi ndefu, akashika mpini wa sanduku.

"Basi, Iolanda. Firenze imeamua. Twende tukatafute treni ya kurudi Napoli, na toka huko nyumbani."

Damu ilinichemka. Nikamfuata, na Vasco na Ornella wakatufuata kutusindikiza, kwa sababu Jumatatu hawana pengine pa kwenda. Njiani vinyozi wawili walizungumza nyembe.

Stesheni, Rocco akaenda kusimama kwenye foleni ya dirishani, maana mashine za tiketi haziamini. Mimi nikaenda kwenye mashine, na akiba yangu ambayo soksi ya Rocco haikuijua. Nakuambieni, nilikosea jina la mji mara mbili, mpaka Ornella akaja akasimama ubavuni kwangu, akanishikia mkoba. Tiketi mbili zikatoka. Nikamwendea Rocco kwenye foleni.

"Treni ya Venezia inaondoka sasa hivi," nikamwambia. "Nimekata mbili. Moja ni yangu. Hii usipoitaka, itupe."

"Tulikubaliana, Iolanda."

"Tulikubaliana kwamba Firenze itaamua. Firenze wewe umeiona? Umeona kibao."

"Watu wanatusikia."

"Wasikie!"

Foleni nzima ilikuwa imegeuka. Nikampa tiketi yake, nikachukua sanduku toka mkononi mwake, nikaenda. Sijawahi kutembea hivyo katika maisha yangu, si siku ya harusi, si siku ya kumpeleka Mirella altareni. Niliogopa na nilikuwa na furaha, vyote kwa pamoja, hata sikujua kipi ni kipi. Nikapanda behewa la mbele. Nikakaa dirishani. Rocco nilimwona amesimama jukwaani, mbali, tiketi mkononi, Vasco anamwambia jambo sikioni. Milango ikalia, ikafunga, treni ikaondoka.

Nilisema peke yangu kwa sauti, "Ninakwenda Venezia." Bibi aliyekaa mbele yangu akasema, "Hongera." Halafu machozi yakanishika, kwa sababu katika ndoto zangu zote za Venezia Rocco yumo, amenuna, lakini yumo.

Tuliingia kwenye mahandaki ya milimani, giza, mwanga, giza. Tulipotokea upande wa Bologna, mlango wa behewa ukafunguka, Rocco akaingia. Alikuwa analowa jasho, koti begani, amepita mabehewa yote toka la mwisho akiomba radhi kwa kila mguu aliokanyaga.

"Treni ndefu hii," akasema, akaketi.

Niliogopa nikifungua mdomo nitamkumbatia mbele za watu.

Halafu akasema, macho yake yakiwa dirishani, "Tukirudi tunashuka Firenze. Si Jumatatu. Vasco anafunga duka siku hiyo. Nimemwambia asipofunga nitakuja kumfungia mimi. Watakuja wote wawili."

"Sawa," nikasema.

"Yule mkewe," akasema, "saa mbili tu, na hajafika." Tukakaribia bahari.

Halafu ardhi ikaisha. Treni ilikuwa inakwenda juu ya maji, maji kulia na maji kushoto, na Rocco akasimama. Nikamshika mkono. Wala hakuuvuta.

Ukitoka stesheni ya Venezia, hakuna uwanja wala barabara ya magari. Unashuka ngazi, na ngazi zinaishia majini. Mbele yako mashua zinapishana, mtu amebeba jokofu kwa mashua, mwingine analeta barua, makuba ya kijani yanakutazama toka ng'ambo, na kila kitu kinacheza kidogo kwa sababu kila kitu kimepakwa mwanga wa maji. Nilidhani nitalia. Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, na sanduku likaniponyoka mkononi, nikaliacha.

Rocco alisimama kwenye ngazi ya juu. Alivua kofia. Nilisubiri aniambie habari ya bomba la maji, au unyevu, au bei. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote.

"Iolanda," akasema hatimaye, na sauti ilikuwa si yake, imepasuka katikati. "Mbona hukuniambia kwamba ni hivi?"

Nilimgeukia. Nilikuwa nimemwambia tukiwa wachumba, nimemwambia nikikanda unga, nikipiga pasi, nikimnyonyesha Mirella, nimemwambia mpaka nikachoka.

"Nilikuambia, Rocco," nikasema.

"Ulisema maji," akasema. Na kinyozi wangu akaketi pale kwenye ngazi za stesheni, kofia mapajani, akaanza kulia, na mimi nikakaa ubavuni kwake.