Karatasi Kumi na Moja za Padri Wibe

Ukitaka kujua hasira inaweza kukaa ndani ya mtu miaka mingapi bila kuoza, muulize Bi Jawaher wa Ghubra. Ya kwake ilikuwa imetimiza miaka arubaini na moja siku Ghanim alipobonyeza kengele ya mlango wake, kanzu imenyooka, uso umejaa tabasamu, anauliza hali kwa Kiarabu kana kwamba waliagana juzi kwenye harusi ya mtu.

Alimkaribisha. Mgeni hafukuzwi mlangoni, hata awe nani. Alimwekea halwa na kahawa, akakaa mbele yake na kungoja aseme kilichomleta.

Ghanim alikuja na habari ya furaha yake. Babu yake mzaa baba, Nasr, alikuwa karani wa yule mchungaji wa Kiholanzi aliyehamia Maskati zamani, Wiebe Terpstra, ambaye watu wa hapa walimwita Padri Wibe. Kabla ya hapo Padri alikaa Unguja miaka minane, akakijua Kiswahili vizuri, kisha akaja huku na kuanzisha mtaa mzima nje ya ukuta wa mji. Kulikuwa na kisima, zahanati, shule, na vyumba vya watu waliotoka utumwani na wasiokuwa na kwao. Mtaa wenyewe ulishavunjwa kupisha barabara. Makaratasi ya Padri ndiyo yaliyobaki, kwenye sanduku la bati aliloliacha kwa karani wake, na sanduku limezunguka na ukoo wa Nasr mpaka likaishia ghalani kwa Ghanim, kule Rusayl, nyuma ya vigae na mifuko ya saruji. Sasa kitukuu wa Padri amekuja kutoka Uholanzi kulitafuta, na Ghanim anafungua ukumbi wa kumbukumbu hapo Azaiba. Utaitwa Ukumbi wa Nasr.

"Ya Kiholanzi yameshasomwa," alisema Ghanim. "Ya Kiarabu nimeyapitia mwenyewe. Yamebaki karatasi kumi na moja za Kiswahili, kwa herufi zetu. Dua za Waswahili, nadhani, au hirizi. Mama yangu, Mungu amrehemu, hakukubali zichomwe kwa sababu zote zinaanza na Bismillahi. Huyu Mholanzi hataki kufungua ukumbi mpaka kila karatasi iorodheshwe. Nikauliza nani anaweza, nikaambiwa wewe."

Hilo lilikuwa kweli. Bi Jawaher alifanya kazi miaka thelathini na moja kwenye ofisi ya nyaraka, na wanaosoma Kiswahili cha hati ya Kiarabu kwa haraka hapa mjini wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kijana yeyote aliyepita mikononi mwake aliijua kanuni yake ya kwanza: hatuongezi, hatupunguzi. Neno la matusi unaliandika. Jina la aibu unaliandika. Aliyekufa hana mwengine wa kumsemea.

"Unajua mimi mjukuu wa nani," alimwambia.

Ghanim aliweka kikombe chini. "Wa Harub. Hayo ni mambo ya wazee, bint Harub. Yamepita."

Yamepita. Aliyeula muwa husahau, aliyeokota makapi hasahau. Harub, babu yake Bi Jawaher, ndiye aliyekuja na Padri kutoka Unguja na kushika ufunguo wa dawa kwenye zahanati. Mwaka wa 1931, msimu wa homa kali, kasha zima la dawa lilipotea, na watoto watatu wa mtaa wakafa. Nasr aliapa mbele za watu kwamba Harub ameliuza kasha sokoni. Harub alifukuzwa, akapanda chombo na kurudi Unguja, akafia huko. Miaka ya sabini, ukoo wake uliporudi Maskati na mabegi na watoto, hadithi ilikuwa inawangoja. Waliuza dawa za watoto, hao. Jawaher alikuwa na miaka kumi alipoisikia kwanza, kutoka kwa msichana mwenzake darasani.

Alikuwa na ishirini na mbili aliposikia mara nyengine. Alikuwa ameshachumbiwa na kijana mmoja anayeitwa Ghanim, na mkufu wa posa uko shingoni, pale mama yake Ghanim alipoingia sebuleni na wanawake wanne na kusema, bila kukaa, "Sisi hatuoi nyumba iliyouza dawa za watoto." Mkufu ulivuliwa hapo hapo. Ghanim alikuwa nje kwenye gari, na hakushuka.

Jawaher aliolewa baadaye na mgane wa Sumail, mtu mwema, wakaishi kwa heshima mpaka Mungu alipomchukua. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba alikuwa analilia mapenzi. Alichokuwa anakidai ni jina.

"Nitazisoma," alisema.

Sanduku alilifuata mwenyewe nyumbani kwa Ghanim, Azaiba. Aliyemfungulia ni Winifrida, mwanamke wa Moshi, mtumishi wa nyumba hiyo kwa miaka kumi na tisa, ambaye alimwamkia shikamoo kwa heshima na kumbebea sanduku mpaka garini. "Ndiyo mimi, mama," alisema alipoulizwa kama ndiye aliyelea watoto wa humu. "Balqis nimempokea ana miaka miwili. Sasa anaolewa, na mimi ndiyo narudi nyumbani." Balqis, mjukuu wa Ghanim, alikuwa amesimama kizingitini na simu mkononi, mrefu, kimya, akimtazama mgeni kwa adabu.

Karatasi zilikuwa zimefungwa kwa kitambaa cha pamba. Bi Jawaher alizilaza mezani moja moja, akazipangusa kwa brashi laini, akaweka nambari kwa penseli kwenye pembe. Hazikuwa hirizi. Kumi zilikuwa barua za kawaida za Harub kwa Padri Wibe, za kuomba bendeji, za kuarifu nani kapona na nani kazidiwa. Aliijua hati ya babu yake kutoka kwenye msahafu wa nyumbani. Nambari kumi na moja aliisoma mara moja, akaenda jikoni, akanywa maji, akarudi kuisoma tena.

*Ama baada ya salamu. Kasha la dawa halikutoka mtaani. Liko ghalani kwa Nasr, nyuma ya magunia ya ndimu kavu, na nimeliona kwa macho yangu. Nilinyamaza siku mbili nikimngoja alirudishe, kwa kuwa ni jirani na jirani ana haki. Jana ameshika msahafu akaapa kuwa mwizi ni mimi. Watoto watatu wameshazikwa, na mmoja nimemshusha kaburini kwa mikono yangu. Nenda ukatazame. Wewe huna mlango usiofunguliwa.*

Chini yake palikuwa na mistari ya mkono mwengine, mkono mzito wa mtu aliyejifunza hati hiyo ukubwani. *Nimekwenda. Nimeliona. Kiwanja cha shule ni cha baba yake Nasr. Nikisema, shule hakuna. Harub atasamehe.* Na alama ya jina lake, W.T.

Bi Jawaher alipandwa na ghadhabu. Nasr alikuwa mwizi, na mwizi unajua umfanye nini. Lakini huyu mtu wa Mungu, mwenye mtaa, mwenye picha ukutani, alikwenda akaliona kasha kwa macho yake, akarudi nyumbani, akachovya kalamu na kuandika kwamba aliyeonewa atasamehe. Nani alimpa ruhusa ya kusamehe kwa niaba ya mtu? Hakuthubutu kuisema barua ile, hakuthubutu kuichoma. Aliihifadhi. Na watoto wa Nasr, wasiojua neno la Kiswahili, wakamhifadhia ushahidi wa baba yao miaka tisini na kitu, kwa kuwa karatasi yenye jina la Mungu haitupwi jaani.

Jioni ile alimwonyesha mdogo wake Shihab. Shihab aliisoma kwa shida, kidole kwenye mstari, akafuta macho.

"Mpelekee Ghanim," alisema. "Mwambie aubadilishe jina huo ukumbi, basi."

"Nikimpa mkononi, kesho haipo."

"Dada, nnakujua. Unataka kufanya nini?"

"Ghanim keshaniomba nisome moja siku ya ufunguzi. Kwa Kiswahili. Anasema wakwe zake wapya Wazanzibari, watafurahi." Alicheka kidogo, na Shihab hakukipenda kicheko hicho. "Bi Shariffa yule, bibi yake Safwan anayemuoa Balqis. Atakaa mstari wa mbele. Nami nitasoma."

"Watavunja posa."

"Na watavunja."

"Na yule binti kosa lake nini?"

"Langu lilikuwa nini?" alisema Bi Jawaher.

Siku mbili kabla ya ufunguzi Ghanim alipiga simu kuuliza kama zile ni dua kweli. Bi Jawaher hakuwa mwongo na hakutaka kuanza uzeeni. "Nyingi ni barua za zahanati," alijibu. "Nitakayosoma inamalizika kwa dua." Ghanim akasema alhamdulillahi, akakata.

Ukumbi ulijaa. Picha ya Padri Wibe ilitundikwa juu, ndevu mpaka kifuani, na pembeni yake Nasr na daftari lake. Mgeni wa Kiholanzi alizungumza, mkubwa mmoja wa serikali akazungumza, na Ghanim akaeleza machozi yakimlengalenga jinsi babu yake alivyotoa kiwanja cha shule kwa ajili ya watoto wa masikini. Halafu akatangaza kwa Kiarabu kwamba sasa watasikia dua ya kale ya Kiswahili, kwa heshima ya jamaa wapya.

Bi Jawaher alisimama na karatasi ndani ya plastiki yake. Hakuihitaji, alikuwa ameihifadhi kwa moyo. Akaanza kwa Bismillahi, na Ghanim, kwenye kiti cha mbele, akafumba macho kwa unyenyekevu.

Akasoma. Kasha la dawa. Ghalani kwa Nasr. Sauti yake ilikuwa ile ile aliyoitumia ofisini, haipandi haishuki. Kwenye safu ya Wazanzibari mashungi yaliacha kutikisika. Bi Shariffa aliinua kichwa taratibu akamtazama Ghanim, na Ghanim, akisikia jina la babu yake limetajwa, alitikisa kichwa kwa fahari. Hapo Bi Jawaher aliona raha, raha ya kweli, na hakuionea haya. Alimwangalia anavyotabasamu huku watu wanajua, kama yeye alivyokaa sebuleni miaka ile huku watu wanajua. Akasoma maneno ya Padri, na saini yake. Akarudi kwenye mstari wa mwisho wa Harub, alioubakisha makusudi.

*Mwenyezi Mungu amfedheheshe aliyenifedhehesha, yeye na kizazi chake, mbele za watu.*

Akanyamaza. Ghanim alifumbua macho, akaona mikono ya msomaji imeinuka kidogo, akajua dua imekwisha. Akainua yake viganja juu, akasema kwa sauti ya mwenye shughuli yake, "Amin."

Alikuwa peke yake. Aliwageukia wakwe, akasema tena, kwa kuwahimiza, "Amin, amin."

Mtu mmoja nyuma alikohoa. Bi Shariffa alikuwa ameshaupata mkoba wake, anatafuta miguu ya kusimamia. Bi Jawaher alirudisha karatasi ndani ya jalada, na hapo akaona kwamba mbele yake amesimama Balqis.

"Mama," alisema binti, kwa Kiswahili cha bara, Kiswahili cha Winifrida, kisicho na doa. "Soma tena. Kwa Kiarabu."

Bi Jawaher alilibana jalada kifuani. Katika hesabu zake zote hakumuweka huyu miongoni mwa watakaosikia. "Imetosha, mwanangu," alimnong'oneza. "Jamaa zako wapya wameshasikia."

"Wao wamesikia. Babu hajasikia. Ameitikia kitu asichokijua." Hakusogea. "Kama ni kweli, aisikie. Na mimi niwepo hapa hapa, asije akasema baadaye nilidanganywa."

Safwan alikuwa amesimama karibu na bibi yake. Bi Shariffa akamvuta kanzu, akamkalisha, na yeye mwenyewe akakaa na mkoba mapajani.

Bi Jawaher aliifungua karatasi kwa mara ya pili. Akaigeuza kwa Kiarabu neno kwa neno, kama kanuni inavyotaka. Kwenye ghala na magunia ya ndimu Ghanim alikodoa macho. Kwenye watoto watatu alishusha mikono. Aliposikia *nimekwenda, nimeliona*, alitazama juu kwenye picha, halafu akamtafuta mjukuu wake kwa macho akamkuta amesimama ubavuni mwa mjukuu wa Harub, na tabasamu likamwisha lote. Mzee huyo alikuwa sasa anashuka kwenye gari, miaka arubaini na moja akiwa amechelewa, na Bi Jawaher alitaka aifaidi kila hatua.

Ulibaki mstari mmoja. Binti alikuwa karibu kiasi kwamba manukato yake yalisikika, na mkononi ana pete mpya. Bi Jawaher aliutazama mstari, akautazama mkono ule.

"Mwenyezi Mungu amfedheheshe aliyenifedhehesha," alisoma kwa Kiarabu, "yeye, mbele za watu."

Katika miaka thelathini na moja ya kazi, na yote iliyofuata, *na kizazi chake* ndiyo maneno matatu ya kwanza aliyopata kuyapunguza. Ghanim safari hii hakuitikia. Bi Shariffa, aliyejua vizuri kilichorukwa, alimtazama Balqis, akamtazama Bi Jawaher, akainua viganja vyake vya kizee na kusema Amin.