Boga la Tambi la Bi Mwiko

Mtaa mzima ulimwita Bi Mwiko. Jina hilo alilipata kiwandani, alikopikia wafanyakazi mpaka akastaafu, na alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kule kiwandani alikuwa na mazoea ambayo hakuna aliyethubutu kuyaingilia: kabla sufuria haijaepuliwa, alidondosha tone la mchuzi nyuma ya mkono, akalilamba, akafumba macho. Akikunja uso, hakuna sahani iliyotoka dirishani hata kama watu wamepiga foleni mpaka getini. Akicheka, vijiko vilianza kugonga meza.

Siku hizi bado alidondosha, akalamba na kufumba macho. Ila hakuhisi kitu. Mafua makali ya mwaka uliopita yalipomwachia, yaliondoka na ulimi na pua yake. Mchuzi na maji ya kuoshea vyombo vilikuwa kwake kitu kimoja. Hakumwambia mtu. Alipika kwa kuutegemea mkono, maana mkono haukuwa umesahau, kisha mezani akawa anazisoma nyuso. Mtu akilivuta jagi la maji mara kwa mara, alijua chumvi imezidi. Mwanawe ndiye hakuwa wa kusomeka. Huyo alisifu kila kitu.

"Mama, leo umetumaliza!" alisema kila siku, hata siku ya uji.

Mwanawe alikuwa fundi umeme, mtu mpole aliyeogopa ugomvi kuliko alivyoogopa nyaya. Mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwepesi wa kuona mshono uliopinda, na ndiye aliyeanza kushuku. Siku moja aliingia jikoni akakuta maziwa yameungua, moshi umetanda mpaka dari halionekani vizuri, na Bi Mwiko ameketi hapo hapo, mgongo kwa jiko, anachambua maharage kwa utulivu.

"Mama, husikii harufu?"

"Nilikuwa na mawazo yangu, mkwe."

Mkwe alizima jiko, akafungua dirisha. Lakini siku chache baadaye alikuta gesi iko wazi bila moto, na mama mkwe anaimba. Jioni ile Bi Mwiko, akipita kwenye ukumbi na nguo alizoanua, alisikia sauti chumbani.

"Mimi sina nia mbaya na mama yako. Ila tutakuja kulipuka humu ndani."

"Nitaongea naye."

"Umeshasema hivyo."

"Nitaongea naye, nimekwambia."

Aliongea naye kweli, baada ya kuzungukazunguka sana. Alianza na hali ya hewa, akapitia bei ya nyaya, ndipo akafika.

"Mama, tumeona upumzike. Mke wangu atashika jiko."

"Nimefanya kosa gani?"

Kijana alijikuna kichwa. "Hakuna kosa, mama."

"Basi kama hakuna kosa, mnaniondoa kwa lipi? Mnataka nikae sebuleni kama pambo?"

Mwana hakuweza kulitazama lile jicho. Akafanya kama alivyofanya tangu utotoni, akatafuta njia ya katikati. "Tufanye hivi. Boga lako la tambi likiiva, utupikie Jumapili, kama zamani. Mambo yakienda sawa, jiko ni lako, hatutalizungumza tena."

Bi Mwiko alikubali, moyoni akicheka. Boga la tambi! Hilo angelipika hata usingizini. Ni boga la manjano, refu kidogo, ambalo nyama yake ikiiva huchambuka nyuzi nyuzi kama tambi. Alikuwa akilipanda nyuma ya nyumba miaka nenda miaka rudi, juu ya chanja aliyoifunga mwenyewe kwa miti na kamba. Mbegu hakununua. Kila msimu alichagua boga kubwa kuliko yote, akatoa mbegu, akaziosha, akazianika juu ya gazeti. Msimu uliopita boga kubwa lilikuwa limeota penye ua wa jirani, mwalimu wa chekechea, aliyepanda viboga vya mapambo vyenye vinundu kama mgongo wa chura, vya kuwekwa rafuni watoto wavitazame. Nyuki walikuwa na kazi nyingi kwenye ua ule, wanatoka ua hili wanaingia lile. Bi Mwiko aliwapenda nyuki. Hakuwaza zaidi ya hapo.

Mbegu zilishika vizuri kuliko wakati wowote. Aliinuka asubuhi kumwagilia shinani, akapogoa machipukizi ya ziada, akayawekea maboga nyasi kavu chini yasioze. Yalipokuwa ya manjano kabisa, na ukucha ukagoma kuingia kwenye ganda, akayavuna pamoja na vikonyo vyake.

Jumapili hiyo alivaa aproni ya kiwandani. Alilikata boga kwa upana, si kwa urefu, kwa sababu nyuzi zake hulizunguka tumbo, na anayelikata kwa urefu hula tambi za vipande vipande. Akakwangua mbegu, akapaka mafuta, akaingiza ovenini, sehemu iliyokatwa ikitazama chini. Mchuzi wa nyanya na vitunguu saumu ulikuwa unatokota pembeni. Boga lilipolainika, akachukua uma na kuanza kuvuta. Nyuzi zikatoka ndefu, zinang'aa. Akachukua chache kwa vidole, akaziweka ulimini, akafumba macho.

Kimya. Kama kutafuna uzi.

Akacheka hivyo hivyo, maana mkwe alikuwa amesimama mlangoni anatazama.

Walikaa. Mwana akajaziwa sahani. Mkwe akatia uma, akatafuna mara moja, akaacha. Akachukua kitambaa, akatema.

"Mama, hili boga ni chungu."

"Chungu?"

"Chungu kama dawa ya malaria. Tusile."

Damu ilimpanda Bi Mwiko mpaka masikioni. Akaona jiko linamtoka mkononi mbele ya macho yake, tena kwa neno moja. "Nimelisha kiwanda kizima," alisema polepole. "Wanaume wenye ndevu walikuwa wananililia niwaongeze. Wewe ndiye wa kwanza kunitemea chakula mezani."

"Mama, sikutukani. Onja mwenyewe."

"Nimeshaonja!" Akajitilia, akala uma baada ya uma, akimtazama mkwe wake bila kupepesa. Kisha akamgeukia mwanawe. "Na wewe? Una ulimi wako. Sema."

Mwana alikuwa ameshameza tonge la kwanza. Macho yalikuwa yamemlengalenga na shingo imesimama. Alimtazama mkewe, akamtazama mama yake, akashusha macho kwenye sahani.

"Tamu, mama," alisema. "Tamu sana."

"Umesikia?"

"Mume wangu, acha," mkwe alisema. "Acha, tafadhali. Usile hicho kitu."

Lakini alikula. Alimaliza sahani, na mama yake alipomwongeza, akamaliza na hiyo, akishushia kwa maji. Bi Mwiko aliliona jagi likienda na kurudi. Akajiambia ni chumvi.

Jua halijazama wote wawili walikuwa wanatapika. Bi Mwiko alijikongoja mpaka bafuni akakuta mwanawe amelala sakafuni, amejikunja, midomo imekauka, choo hakimpi nafasi ya kuinuka. Mkwe ndiye aliyetafuta gari. Ndiye aliyewashika wote wawili, huyu bega la kulia, huyu la kushoto, bila kusema hata mara moja kwamba aliwaonya.

Hospitalini mama alipewa maji ya kunywa na kuruhusiwa. Mwana alitundikiwa dripu akalazwa. Daktari aliuliza walikula nini, akatikisa kichwa.

"Boga chungu halilwi. Ule uchungu ndio sumu yenyewe. Yakipandwa karibu na yale ya mapambo, nyuki huyachanganya, na mbegu zake msimu wa pili huzaa hivi. Ajabu ni kwamba mtu hulitema mwenyewe. Huyu alimezaje sahani mbili?"

Mkwe alimtazama mumewe.

Daktari alipotoka, Bi Mwiko alikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Ulijua ni chungu," alimwambia mwanawe.

"Nilijua."

"Mbona ulisema tamu?"

"Mama, ulikuwa unanitazama."

Bi Mwiko alimvutia shuka. Halafu akauliza lile alilokuwa analiogopa. "Na siku zile nyingine? Wali, mboga, maharage? Ulikuwa unasema tamu."

Mwana aligeuzia uso ukutani. Bi Mwiko akaanza kuhesabu sifa za mwaka mzima, moja moja, akiziona zote zinamomonyoka.

Mwana alipopona na kurudi nyumbani, mama aling'oa shina lote, akabomoa chanja, akachoma mbegu. Akawaita wote wawili, akawaambia kweli: ulimi haufanyi kazi, pua haifanyi kazi. Akaomba kitu kimoja tu: apike mchana, wakati mkwe yupo, mkwe amwangalizie moto na amwonjee.

"Wewe hukunificha," alimwambia mkwe. "Mimi nikakutukana. Nisamehe, mwanangu. Kuanzia sasa nitauamini ulimi wako."

Mkwe aliitikia kwa upole. "Haya, mama. Yameisha."

Kesho yake Bi Mwiko alipika maharage. Alisimama mbele ya sufuria muda mrefu, kopo la chumvi mkononi. Kisha akalirudisha kabatini likiwa limefunikwa. Hakutia hata chembe. Alitaka kusikia mtu akimwambia.

Akachota kijiko, akampelekea mkwe kwenye cherehani. Mkwe alionja. Alitafuna taratibu, akameza. Akamtazama mama mkwe wake, aliyekuwa anasubiri, kisha akatazama mlangoni, ambako mume wake alikuwa amesimama, bado amekonda, anamkonyeza kwa wasiwasi.

"Vipi chumvi?" Bi Mwiko aliuliza.

"Imekolea, mama," alisema mkwe, akarudi kwenye mshono wake.