Shikamoo Kabla ya Ngumi

Rogathe aliitwa Babati kuja kumkamata mwalimu wake. Ndivyo alivyoambiwa kwenye simu, bila kuzungushwa: njoo utusaidie kumshika mzee, wewe unaijua mikono yake. Aliyepiga ni Martina, binti wa pekee wa Mzee Fabiani, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia mpaka akachoka, akaamua kuwa mkali.

Jamani, kuna kazi za kumpa mtu, lakini hii! Tangu aolewe Katesh, Rogathe alikuwa akishona sare za shule, mgongo umeanza kumsumbua, na mara ya mwisho kurusha teke hata haikumbuki. Halafu wa kumkaba awe Mwalimu Fabiani? Thubutu. Alisema haji. Asubuhi yake akapanda basi, akaja.

Stendi alipokewa na Remigius, anayemsaidia Martina kumtunza mzee. Ukimwona Remigius leo, ana bucha lake Nangara, shingo nene, watu wanampisha njia. Jicho lake la kushoto lilikuwa limevimba mpaka limefumba.

"Nani kakufanya hivyo?" Rogathe akauliza.

"Nani tena? Mwalimu." Remigius akacheka kwa upande mmoja wa uso. "Mzee wa karibu miaka themanini, dada'angu! Hata mkono ulikotokea sikuuona. Nilikuwa nampelekea maji ya kuoga tu."

Wakiwa kwenye pikipiki kuelekea Nakwa alimweleza yote. Ugonjwa wa kusahau ulianza na vitu vidogo, funguo, spana, jina la jirani. Sasa mzee hamjui mtu yeyote, hata Martina. Hilo peke yake wangelivumilia. Shida ni kwamba ukimgusa kumwogesha au kumbadilisha shati, anapiga, na ngumi zake zinafika. Wasichana wa kazi wamekimbia, mmoja baada ya mwingine. Likizo ya Martina imekwisha. Ndugu wamekaa kikao, wakaamua mzee apelekwe kwa mpwa wake kule Sigino, ambako kimetengenezwa chumba. Gari linamchukua leo mchana. Kazi ya Rogathe ni kumdhibiti mikono mpaka aingie garini.

"Chumba gani hicho?"

"Kipo nyuma ya zizi. Kizuri tu. Kina komeo."

"Komeo la ndani au la nje?"

Remigius akakwepa shimo. "La nje," akasema.

Walipofika kwenye kona ya ghala, Rogathe akamwomba asimame kidogo.

Ghala lenyewe bado lipo, bati limeota kutu, siku hizi wanauzia saruji. Harufu ya alizeti haikuwepo tena, lakini pua yake iliitafuta hivyo hivyo. Enzi zile lilikuwa ghala la mahindi la kigango, na Jumamosi mchana Mwalimu Fabiani aliruhusiwa kulitumia. Alikuwa fundi baiskeli, Mwiraqw wa Mbulu, mfupi, mkavu, aliyejifunza karate Arusha alipokuwa mlinzi. Mkeka wa mazoezi ulikuwa turubai la kuanikia alizeti, ukianguka unaamka na mbegu kwenye nywele. Kuhesabu kwa Kijapani alikuwa amesahau, au labda hakuwahi kujua vizuri, kwa hiyo alihesabu kwa lugha ya kwao: wak, tsar, tam. Watoto wa kila kabila hapo mjini wakawa wanarusha ngumi kwa Kiiraqw! Rogathe, ambaye baba yake alitoka Same, mpaka leo akipima kitambaa anajikuta anahesabu hivyo. Walicheka mno mle ndani. Walidhani dunia yenyewe ndivyo ilivyo, mtu anaanguka, anaamka, wenzake wanamchambua mbegu kichwani.

Sheria ilikuwa moja, na ole wako uivunje. Hakuna kuinua mkono kabla ya salamu. Unavua viatu. Unasimama hatua mbili mbele ya mwenzako, mikono mapajani, unainama, na aliye mdogo anasema shikamoo. Mkubwa anaitikia marahaba, halafu mkubwa huyo huyo anamwambia mdogo, "Anza." Hata kama wamepishana mwezi mmoja.

"Akishakuitikia," Mwalimu alikuwa akisema, kwa ile lafudhi yake ya kukwaruza kooni, "ngumi yake imeshalegea nusu. Na anayekujia bila salamu huyo ni mwizi. Mwizi mpokee kwa mikono yote miwili."

Sasa, huyu Remigius mwenye bucha, huyu wa dada'angu dada'angu, ndiye aliyekuwa mbabe wa daraja. Daraja lenyewe magogo mawili tu juu ya mfereji, njia ya shule. Yeye alikuwa darasa la saba, amerudia madarasa mpaka ndevu zimechungulia, na hakuna mtoto aliyevuka bila kumwachia kitu: kalamu, muhogo, hindi la kuchoma. Kwa Rogathe, wa darasa la nne, alichukua makande, kila siku ya Mungu. Siku moja hakuridhika na makande, akautupa na mkoba mferejini. Madaftari yote yakavimba. Baba yake Rogathe hakuwa mtu wa kurudia maneno: yakiharibika mengine, utarudi Same kwa bibi yako ukachunge mbuzi, shule basi. Hilo ndilo lililompeleka ghalani.

Baada ya muhula mmoja akajiona ameiva. Ee, si unajua watoto! Alimkimbilia Remigius darajani kwa kelele na teke la juu. Remigius akaudaka mguu hewani, akaushikilia, akauangalia kama anauliza ni wa nani huu, kisha akamtupa majini na mwenyewe. Shule nzima ilikuwa na la kuzungumza.

Jumamosi Rogathe akamwambia Mwalimu wazi kwamba karate yake haifanyi kazi. Mwalimu alikuwa anaziba pancha, hakuinua kichwa.

"Ulimsalimia?"

"Nimsalimie Remigius? Mwalimu! Yule ni mbabe!"

"Ulimwendea mtu bila salamu. Basi siku hiyo mwizi alikuwa nani?"

Rogathe alikasirika mpaka akalia. Alirudi nyumbani akimsema kimoyomoyo mzee wa watu, kwamba amezeeka, kwamba baiskeli ndizo anazoziweza.

Lakini Jumatatu, alipoliona daraja, hakuwa na kingine cha kujaribu. Alivua malapa. Akasimama hatua mbili mbele ya Remigius, mikono mapajani, akainama.

"Shikamoo, kaka Remigius."

Na Remigius, mtoto wa watu, aliyelelewa kama sisi wengine tulivyolelewa, mdomo ukamtangulia. "Marahaba," akasema.

Lo! Watoto walivyolipuka! "Ameitikia! Babu Remi ameitikia!" Sasa niambie, mtu umeshamwitikia shikamoo, umeshajifanya mkubwa wake mbele ya watu, unaanzaje kumpora makande? Remigius alisimama pale masikio yanamwaka. Halafu aibu ikageuka hasira, akamshika Rogathe mkono na kuuvuta kwa nguvu zake zote. Kushikwa mkono lilikuwa somo la kwanza kabisa ghalani. Rogathe aligeuza kiganja, akapitisha mkono upande wa dole gumba la Remigius, akachomoka. Yule aliyekuwa anavuta akabaki anavuta hewa. Akaenda kinyumenyume, hatua, hatua, mpaka mferejini.

Rogathe hakumcheka. "Pole, kaka," akasema, ndivyo walivyofundishwa, akavaa malapa yake akavuka. Siku hiyo alikula makande yake yote, na hajawahi kula makande matamu vile tena. Jumamosi iliyofuata, mlangoni pa ghala alisimama mtu mkubwa kuliko wote, kichwa chini, viatu mkononi.

"Nilijitumbukiza mwenyewe," Remigius akasema sasa, akiliangalia ghala kwa lile jicho lake moja zima. "Kumbuka hivyo. Hukunisukuma."

"Sikukusukuma."

"Twende. Gari litakuwa limefika."

Lilikuwa limefika kweli, pikapu nyeupe, dereva amekaa kivulini anamenya chungwa. Martina alikuwa barazani na begi la nguo za baba yake. Walisalimiana, wakaulizana habari za Katesh na za watoto, kisha Martina akaanza kufuta macho kwa ukingo wa kanga.

"Usinihukumu, Mama Eliakunda," akamwambia Rogathe kwa jina la mwanawe.

"Sikuhukumu. Niambie tu, mnapoingia kumwogesha mnafanyaje?"

"Kwa upole! Tunaingia na beseni, tunamwambia Babu twende tukaoge, tunamshika mkono. Hapo hapo anarusha ngumi."

"Mnamsalimia?"

Martina akamtazama kama mtu aliyeulizwa habari za harusi msibani. "Tulimsalimia mpaka tukachoka. Tunapita tunasema shikamoo, yeye anaangalia ukuta. Hajui hata mimi ni nani! Tangu mvua za mwaka jana tumeacha."

Rogathe akamfuata Remigius ukumbini, na Remigius akawa anamnong'oneza mpango: wewe mkono wa kulia, mimi wa kushoto, tunamwinua kwa pamoja.

Mlango ulipofunguliwa, mzee alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Akasimama. Alikuwa amepungua sana, shati limefungwa vifungo kwa kupishana, ndevu hazijanyolewa. Lakini mguu wa kushoto ulitangulia mbele, viwiko vikaingia ndani, ngumi zikapanda mahali pake, sawasawa kama zamani. Kitu kipya kilikuwa machoni tu. Mwalimu Fabiani alikuwa anaogopa.

Rogathe hakuwahi kumwona akiogopa, na moyo ulimuuma kuliko alivyotegemea. Kumbe! Muda wote huu watu asiowajua wamekuwa wakiingia chumbani kwake, wanamshika mikono, wanamvua nguo, na hakuna anayesimama mbele yake akampa hata salamu. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Alikuwa anawapokea kwa mikono yote miwili.

"Mkono wa kulia," Remigius akanong'ona tena.

"Nyamaza wewe," Rogathe akasema. Akainama akavua viatu, akavipanga nje ya kizingiti. Akaingia. Akasimama hatua mbili mbele ya mzee, mikono mapajani, akainamisha kichwa mpaka akaona vidole vya miguu yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

Nje dereva alikohoa. Rogathe alikaa vile vile, kisogo wazi, akijua kabisa kwamba ngumi ikija hataiona. Mgongo wa cherehani ukaanza kumchoma. Alisikia Martina mlangoni akisema kwa sauti ndogo, "Si nilikwambia, haitikii." Hakuinuka. Ghalani hukuinuka kabla hujaitikiwa, hata kama Mwalimu alikuwa katikati ya pancha.

"Marahaba," mzee akasema.

Rogathe akainua kichwa. Ngumi zilikuwa zimeshuka mpaka kifuani. Macho ya mzee yalimpitia kuanzia miguuni kwenda juu, kama mtu anayekagua baiskeli iliyoletwa na mgeni. Jina lake hakulijua, hilo lilionekana wazi. Alichojua ni kwamba huyu amesimama vizuri.

"Anza," mzee akamwambia.

Aanze nini? Rogathe akaangaza chumba, akaliona beseni la maji ambalo Remigius aliliacha hapo asubuhi, na kikombe kinaelea. Akachota. Akaumiminia maji mkono wa mzee uliokunjwa ngumi, taratibu, toka kiwiko mpaka vidoleni.

"Wak," mzee akahesabu.

Rogathe akachota tena, macho yamemjaa.

"Tsar," mzee akasema, na ngumi ikafunguka yenyewe ili maji yapite.

Walipofika shingoni, mzee akaangalia mlangoni, uso ukabadilika, mikono ikaanza kupanda. Remigius alikuwa amekanyaga ndani. Jitu zima likarudi nyuma, likavua buti za bucha kwa haraka hata moja ikaruka ukumbini, likaingia upya na kuinama na lile jicho lake lililovimba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umechelewa. Shika sabuni."

Rogathe akacheka na kulia kwa pamoja, na Remigius vile vile. Hawakugundua Martina ameondoka mpaka waliposikia sauti yake uwanjani akimwambia dereva arudi Sigino, awaambie ndugu atawapigia simu mwenyewe, na ndiyo, anajua kikao kilisema nini. Pikapu ikawashwa, ikaondoka.

Aliporudi, Martina alisimama kwenye kizingiti muda mrefu. Huyu hakuwahi kufika ghalani hata Jumamosi moja. Alikuwa akiona haya, baba fundi baiskeli anayerukaruka na watoto wa watu. Sasa akavua kandambili, akazipanga pembeni ya viatu vya Rogathe. Akaingia, akasimama karibu mno, Rogathe akamwashiria, akarudi nyuma kidogo. Akaweka mikono mapajani. Hakujua kuinama vizuri, alipiga magoti tu kama mtoto anayemwamkia baba yake.

"Shikamoo, Baba."

Mzee alimtazama, maji yakimtiririka kidevuni.

"Marahaba, binti," akasema. "Wewe ni mgeni hapa?"

"Ndiyo, Mwalimu," Martina akasema. "Ni mgeni."

"Usiogope. Wageni wote wanaanza hivyo," mzee akamwambia. "Kaa hapo, uangalie wenzako kwanza."

Martina akakaa sakafuni, akaangalia.